Farasi wa Epsom, mikeka ya Manzese

Wadau, wiki hii nimekasirika, na kilichonikasirisha ni filamu ya mwaka 1948.

Inaitwa Esther Waters. Ni ya Kiingereza, nyeusi na nyeupe, imeongozwa na Ian Dalrymple na Peter Proud. Kathleen Ryan, dada wa Kiairishi, ndiye Esther. Dirk Bogarde, ambaye hapa ndiyo kwanza anakabidhiwa nafasi ya mhusika mkuu, anacheza William Latch. Cyril Cusack ni Fred Parsons. Imetokana na riwaya ya George Moore ya mwaka 1894, ambayo ilipotoka tu W. H. Smith wakakataa kuiweka kwenye maktaba zao za kukodisha vitabu, eti haifai kwa watu wenye adabu zao. Wapenzi wa sinema za kale wakiitaja leo, wanaitaja kwa sababu ya Bogarde. Alikuwa kijana, mzuri wa sura, nyota inaanza kuwaka. Halafu kuna farasi, magauni marefu na kofia.

Sasa mimi nasema hivi: anayeitazama Esther Waters kama filamu ya mapenzi na farasi hajaiona. Na sisi waandishi wa habari wa hapa Bongo, hasa ndugu zangu wa kurasa za michezo, tungekalishwa chini tuitazame mara mbili, kisha tuulizwe maswali.

Kwa ambaye hajakutana nayo, nitasimulia kwa kuchota kwenye riwaya na filamu kwa pamoja, maana filamu imefupisha mengi na mahali pengine imelainisha. Esther ni binti wa kimaskini, hajui kusoma, kalelewa kwenye dhehebu la Plymouth Brethren, walokole wa wakati ule. Anapata kazi ya ubeki tatu Woodview, jumba la familia ya Barfield huko Sussex. Nyumba hiyo inaishi kwa farasi. Mzee Barfield anafuga farasi wa mashindano, na kuanzia mkuu wa watumishi mpaka kijana wa zizini wote wanabeti. Mji wa jirani nao unabeti. Jikoni mazungumzo ni farasi gani ana uzito gani na atakimbia lini. Kijana anayempanda farasi wao anavikwa makoti mazito na kutembezwa maili kwa maili ili jasho limtoke, apungue ratili zinazotakiwa. Ni mtoto yule. Hakuna anayemuuliza amekula nini.

Hilo la uzito si chumvi ya mtunzi. Fred Archer, mpanda farasi mkubwa kuliko wote Uingereza karne ya 19, alishinda Derby mara tano na mbio 2,748 kwa jumla. Alikuwa mrefu kwa kazi ile, hivyo maisha yake yote alikuwa akijinyima chakula na kunywa dawa za kuharisha ili mizani isome vizuri. Novemba 1886 alijipiga risasi akiwa na miaka 29. Nchi nzima ililia, na msimu uliofuata mbio zikaendelea kama kawaida.

Turudi Woodview. Farasi wao, Silver Braid, anashinda Stewards' Cup kule Goodwood. Jamani, shangwe! Jikoni watu wanahesabu sarafu, wanawake wananunua nguo mpya, mji mzima unakunywa. Ni ule ushindi wa kwanza ambao kila mbetiji anaukumbuka mpaka kaburini. Ni katika siku hizo hizo za raha William Latch, mtumishi wa kiume mwenye kichwa kilichojaa farasi, anampa Esther mimba. Wanagombana, Esther anakataa kumsemesha, na William anaondoka na mwanamke mwenye pesa. Tumbo linapoonekana, Esther anaondolewa. Mama Barfield, mlokole mwenzake na mtu pekee mle ndani anayechukia mbio za farasi, anamhurumia kweli. Anampa barua ya sifa na fedha kidogo, kisha anamwonyesha mlango.

Hapa naomba twende polepole, maana ndipo hadithi yenyewe ilipo.

Esther anajifungua mtoto wa kiume hospitalini London. Hana kazi, hana pa kulala. Anachobakiwa nacho chenye bei sokoni ni maziwa yake. Anachukuliwa na familia ya matajiri kumnyonyesha mtoto wao, mama mwenye mtoto hataki kujisumbua. Mwanawe Esther, Jackie, anabaki kwa mwanamke mmoja anayelea watoto wa wengine kwa malipo. Mtoto wa tajiri ananenepa. Jackie anaanza kuumwa. Esther anaomba ruhusa akamwone, bibi mwenye nyumba anakataa, asije akaleta ugonjwa au akavurugika moyo maziwa yakaharibika. Na yule mlezi naye anatoa ofa yake kwa upole kabisa: kwa pauni tano anaweza kumwondolea Esther mzigo huu moja kwa moja. Hasemi "nitamuua". Watu wa biashara ile hawakuwa wakisema hivyo.

Esther anajumlisha mwenyewe. Kabla yake bibi yule alikuwa na wanyonyeshaji wengine wawili, na watoto wao wote wawili walikufa. Kwa hiyo mtoto mmoja wa tajiri ameshakula wawili wa maskini, na sasa ni zamu ya wa tatu. Anamwambia bibi yule jambo hilo usoni, anaacha kazi, anakwenda kumchukua mwanawe, na wote wawili wanaishia kwenye nyumba ya mafukara.

Mtaniuliza: wewe, farasi wameingia wapi hapo? Wameingia hapo hapo. Kila mtu pale Woodview alikuwa na dau. Mzee Barfield aliweka shamba lake, watumishi waliweka mishahara yao. Esther hakuweka hata senti, hakutaka hata kusikia habari za mbio, lakini shangwe ilipokwisha ni yeye aliyekuwa analipa, na dau lake lilikuwa mtoto mwenye jina na homa. Moore aliandika kitabu kizima kuonyesha kwamba kwenye kamari mtu anayelipa mara nyingi si yule aliyebeti. Filamu ya 1948, pamoja na ulaini wake wote, haikuweza kulificha hilo, kwa sababu ukiliondoa hadithi inakwisha.

Miaka inapita. Esther anapata kazi nzuri kidogo, anachumbiwa na Fred Parsons, mlokole wa duka la vifaa vya kuandikia, mtu mwema na mkweli, mkavu kama biskuti ya jeshi. Ndipo William anaibuka. Sasa ni bukimeka, mtu wa kupokea madau ya wengine, ana pesa na ana baa Soho, King's Head, na anamtaka mwanawe. Esther anamchagua William. Wengi humlaumu kwa hilo. Mimi simlaumu. Mtoto ameshamwona baba yake na amempenda, na mwanamke aliyepita pale alipopita Esther hachagui mume kama anayechagua kitenge.

Na hapa ndipo ninapogombana na filamu yenyewe. Ukimpa Dirk Bogarde nafasi ya bukimeka, umeshamsamehe. Sura ile inaomba msamaha kabla hajafungua mdomo. Mtazamaji anamwonea William huruma, na ni haki yake, kwa sababu William si mtu mbaya: anampenda mkewe, anamlea mwanawe, analipa anachodaiwa. Lakini filamu inapotufikisha kwenye mwisho wake, William anakohoa damu, kifua kikuu kimemmaliza, madaktari wanasema aende Misri kwenye jua, nauli hana, anaweka alichobakiwa nacho kwenye Derby ili apate hiyo nauli, farasi wake anashindwa, anakufa. Sisi tunafuta machozi na kusema: bahati mbaya.

Bahati mbaya ipi? Huyu ni mtu aliyekaa upande wa pili wa meza kwa miaka. Alijua hesabu ile kuliko mtu yeyote katika mtaa wake. Mganga hajigangi, sawa, lakini William hakubeti siku ile kwa sababu alisahau hesabu. Alibeti kwa sababu alihitaji fedha nyingi upesi, na duniani hapakuwa na mlango mwingine uliokuwa unamwahidi fedha nyingi upesi. Hata anayejua kuwa mtego ni mtego anaingia, akiwa na njaa ya kutosha.

Tuiangalie basi hesabu hiyo, kwa mkeka wa kwetu. Chukua mechi kumi, kila moja ina nafasi nusu kwa nusu ya kutokea unavyotaka. Malipo ya haki yangekuwa mara mbili ya dau kwa kila mechi. Kampuni haikupi mara mbili, tuseme inakupa 1.85. Inaonekana ni kamkato kadogo tu, nani atagombana kwa senti? Lakini ukiziunganisha zote kumi kwenye mkeka mmoja, kama vijana wanavyopenda, nafasi yako ya kushinda ni 1 kati ya 1,024, na ukishinda unalipwa kama mara 469 ya dau. Maana yake, ukicheza mchezo huo kwa muda mrefu, katika kila shilingi 1,000 unayoweka utegemee kurudishiwa 459. Kale kamkato kamezidishwa mara kumi kakawa zaidi ya nusu ya pesa yako. Ndiyo maana matangazo yanasifia mikeka mirefu. Mkeka ukichanika kwa mechi moja tu, kijana anajiona alikaribia. Hakukaribia kitu.

William na wenzake walikuwa wakiifanya hesabu hii kwa chaki. Sasa inafanywa na kompyuta. Hakuna tofauti nyingine.

Sasa sheria. Filamu haina muda wa kuieleza, na bila hiyo watazamaji wa leo hawaelewi kwa nini polisi wanavamia King's Head. Mwaka 1853 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kufunga nyumba za kubeti. Nyumba zipi? Zile za mitaani, ambako karani, fundi viatu na mtumishi wa ndani walikuwa wakipeleka shilingi zao. Tattersalls, ambako mabwana wakubwa walikuwa wakibetiana maelfu ya pauni, haikuguswa, na walioitunga sheria hawakuficha kwamba hawakukusudia kuigusa. Bunge hilo hilo, kuanzia mwaka 1847 na kwa zaidi ya miaka 40, lilikuwa na desturi ya kuahirisha kikao siku ya Derby ili waheshimiwa waende Epsom. Soma tena sentensi hiyo ukiwa umekaa.

Mwaka 1906 ikaja sheria nyingine ya kupiga marufuku kubeti barabarani. Tajiri mwenye akaunti ya mkopo aliendelea kubeti kwa barua, kwa telegramu na baadaye kwa simu, na hakuvunja sheria yoyote. Fundi akimpa bukimeka shilingi yake kwenye kona ya mtaa, wote wawili wanakamatwa. Maduka ya kubeti hayakuruhusiwa mpaka sheria ya 1960, na yalifunguliwa Mei 1, 1961. Piga hesabu: watu waliokwenda kuitazama Esther Waters mwaka 1948 walikuwa bado wanaishi chini ya sheria ile ile iliyomwangamiza William. Walimwona akitozwa faini na kunyang'anywa leseni ya baa, wakatoka sinema, na kona ya pili wakampita mtu aliyekuwa akipokea madau huku akiangalia polisi kwa jicho la pembeni.

Kitabuni kuna Sarah, rafiki wa Esther, aliyewahi kuwa naye Woodview. Anaiba vyombo vya fedha vya mwajiri wake, vinawekwa rehani, fedha inawekwa kwenye farasi, farasi anapotea. Hakimu anamhutubia juu ya ubaya wa kubeti kwa watu wa tabaka lake, kisha anampa kifungo na kazi ngumu. Kuna Ketley, anayejiua mle mle baa baada ya farasi kumwangusha. Kuna mzee Randal, mkuu wa watumishi pale Woodview, bingwa wa kukokotoa farasi, mwenye daftari la siri la kumbukumbu za mbio, anayeishia mitaani na viatu vilivyotoboka, bado anaongelea mbio.

Halafu mkumbuke mtu wa kweli, Marquess wa Hastings. Mwaka 1867 alipoteza kama pauni 120,000 kwenye Derby moja, farasi Hermit aliposhinda. Hermit alikuwa wa Henry Chaplin, ambaye Hastings alikuwa amemtorosha mchumba wake. Mwaka uliofuata Hastings alikufa, ana miaka 26. Vitabu vya historia ya mbio za farasi vinasimulia habari hii kama tamthilia: mapenzi, kisasi, kijana wa ukoo bora aliyejiteketeza. Sarah wa mtunzi anahutubiwa na hakimu. Wote wawili walifanya jambo lile lile, isipokuwa Sarah aliiba vijiko na Hastings aliteketeza urithi ambao watu wengine waliulimia.

Na Fred Parsons? Fred anawakilisha watu wengi ninaowajua, na baadhi yao ninawaheshimu. Anaingia Jeshi la Wokovu, anahubiri mpaka kwenye viwanja vya Epsom siku ya Derby, na anamfuata Esther kumwonya kwamba baa ya mumewe ni pango la uovu na kwamba mambo yatafika polisi. Anachosema ni kweli. Lakini mtazameni anamsemea nani. Anamsemea Esther, mwanamke ambaye hajawahi kubeti. Anausemea umati. Hasimami Tattersalls. Hasimami mlangoni pa Bunge siku wabunge wanapopanda magari ya farasi kwenda Epsom. Kumhubiria mtu wa mwisho kwenye foleni ni rahisi, hana mlinzi getini.

Nimefika nyumbani sasa.

Mbio zenyewe za farasi sisi Watanzania hazikutuingia. Wenzetu wa Kenya waliachiwa na walowezi: uwanja wa Ngong Road pale Nairobi ulianza kutumika 1954, chini ya klabu iliyojiita Jockey Club kama ile ya Uingereza, na mwaka 1966, miaka mitatu tu baada ya uhuru, Kenya ikawa na sheria yake ya kamari na bahati nasibu. Hapa kwetu farasi amekuja kwa mlango wa nyuma. Ingia kwenye duka la kubeti utaona kwenye skrini farasi wa kompyuta wanakimbia, farasi ambao hawajawahi kula majani, wasio na mpandaji wala kwato, mbio zinaanza upya kila baada ya dakika chache usiku na mchana. Fred Archer angalau alikuwa na farasi.

Lakini mnyama wetu mkubwa ni mpira, tena wa Uingereza. Mnakumbuka Julai 2017, Everton walipokuja Dar kucheza na Gor Mahia Uwanja wa Taifa, Wayne Rooney akafunga bao lake la kwanza tangu arudi Everton? Tuliandika bao lile kwa kila namna, kwa mbali, kwa karibu, kwa pembe. Waliowaleta ni SportPesa, kampuni iliyoanzia Kenya, ambayo jina lake lilikuwa limekaa kifuani mwa jezi ya Everton msimu ule. Mwaka huo huo iliwadhamini Simba na Yanga kwa pamoja. Fedha ile ilitoka mifukoni mwa makondakta na wanafunzi wa Nairobi, Kisumu na Mombasa, ikasafiri mpaka Liverpool. Swali la mtoto wa darasa la nne, "hela zimetoka wapi?", tulilisahau sote kwa sababu Rooney alikuwa anapunga mkono.

Nawasikia mnaojibu. Kampuni zinatoa ajira. Zinalipa kodi. Zinadhamini ligi, bila wao klabu zetu zitatembeza bakuli. Yote haya ni kweli, na Woodview nayo ilikuwa na ajira: wapishi, watu wa zizi, mkuu wa watumishi, muuza nyama na mji mzima ulioishi kwa sarafu za akina Barfield. Mwisho wa riwaya Woodview ni gofu, miti imekatwa, farasi wameuzwa, wamebaki wanawake wawili tu, Mama Barfield na Esther, wanaokaa chumba kimoja kuokoa kuni. Na hiyo kodi mnayoisifu, ifuatilieni kwa nyuma hatua moja. Kabla haijawa kodi ya kampuni ilikuwa nauli ya mtu wa Manzese. Ni kodi ya maskini iliyopitia kwa wakala.

Sisemi serikali zifunge kila kitu kesho. Uingereza ilijaribu kufunga kwa zaidi ya miaka 100 na ilichopata ni mabukimeka wa uchochoroni na polisi wa kuhongwa. Kenya mwaka 2019 ilikataa kuhuisha leseni za kampuni 27, baadaye nyingine zikarudi; Aprili 2025 bodi yao ikasimamisha matangazo yote ya kamari kwa siku 30, na Agosti mwaka huo ikasainiwa sheria mpya kuchukua nafasi ya ile ya 1966. Angalau wanahangaika. Sisi tuna Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya 2003 na tuna bodi yake, na tuna ile sentensi inayosomwa mbio mbio mwishoni mwa kila tangazo: cheza kistaarabu.

Cheza kistaarabu! Huyo ni Fred Parsons, ila safari hii ameajiriwa na King's Head. Tangazo zima linamwambia kijana kwamba ajira hakuna lakini milioni zipo, sekunde mbili za mwisho zinamwambia awe mstaarabu. Akipoteza ada ya chuo, kosa ni lake, hakuwa mstaarabu. Ni hotuba ile ile ya hakimu kwa Sarah, imefupishwa ikaingia kwenye redio.

Na redio ni yetu. Hapa ndipo siwezi kumlaumu Bogarde wala Bunge la 1853. Nani anayesoma mechi za kubetia asubuhi kwa sauti ile ile anayosomea matokeo ya ligi, msikilizaji asijue habari imeishia wapi na tangazo limeanzia wapi? Nani anayempiga picha mshindi na hundi kubwa ya maboksi, kisha hamtafuti tena baada ya mwaka? Sijawahi kuona kwenye gazeti la Kiswahili picha za walioshindwa wiki ile ile, na najua kwa nini: kurasa hazitoshi. Tunapigana kila siku na bahasha za wanasiasa, tunaitana makanjanja kwa elfu ishirini ya nauli. Bahasha hii ya mikeka inaingia kupitia idara ya matangazo, ina risiti, kwa hiyo tumekubaliana kuwa si bahasha.

Wahariri wa michezo, ombi langu ni dogo na halihitaji sheria mpya. Mkichapa hadithi ya mshindi wa mkeka wa mechi kumi, chini ya picha yake wekeni mstari mmoja wenye nafasi ya 1 kati ya 1,024 na malipo ya mara 469, kwa mwandiko mkubwa kama wa jina la kampuni. Kisha mtumeni kijana mmoja wa mazoezi, mwenye viatu vya kutembea, aende duka la kubeti jioni ya Jumapili, asimfuate anayetoka na mkeka mkononi. Amfuate mpaka nyumbani kwake, abishe hodi, na wa kumhoji awe mke wake.